UFUNGUO WA TOVUTI NI MALI YA OFISI

Hapana shaka kwamba tangazo la Serikali lisilomfikia mwananchi kwa wakati wake ni sawa na tangazo ambalo halikutolewa. Ukweli huo ni wa nchi zote, lakini kwetu sisi watu wa visiwani una uzito wa pekee. Mkaazi wa Pemba mwenye shughuli Unguja hawezi kutoka barazani kwake akaenda kuuliza ofisini kisha akarudi kabla ya adhuhuri. Mbele yake iko bahari, iko nauli, na iko siku nzima ya kazi atakayoiacha nyuma. Akipata habari sahihi mapema, huipanga safari yake kwa utulivu. Akipata habari iliyokwisha pitwa na wakati, hupoteza fedha, hupoteza siku, na pengine hupoteza haki yake.

Zanzibar si ngeni katika kazi ya kuwapasha watu habari za Serikali. Gazeti rasmi lilianza kuchapishwa hapa mwaka 1892. Mwaka 1973 visiwa hivi vilikuwa na televisheni ya rangi, wakati nchi nyingi za Afrika zilizo kubwa kuliko sisi zilikuwa bado hazijaifikiria. Leo ubao wa matangazo wa ofisi ya umma ni tovuti. Humo mwananchi hutazamia kukuta nafasi za kazi, zabuni, tarehe za mitihani ya skuli, bei ya karafuu, ada za leseni, na mabadiliko ya huduma. Tovuti zimejengwa, na fedha za wananchi zimetumika kuzijenga. Linalotushughulisha katika safu hii ni swali moja jepesi: tangazo likishatiwa saini na mkuu wa ofisi, huchukua muda gani mpaka likaonekana katika tovuti hiyo?

Tunauliza hivyo kwa sababu mara nyingi ucheleweshaji hautokani na kuandika, wala hautokani na kutia saini. Unatokea mlangoni. Kila tovuti ya kisasa ina chumba cha nyuma, yaani mfumo wa kuhaririia maudhui, ambamo mtumishi huingia kwa jina lake na nywila yake, akaandika tangazo, akasahihisha kosa, au akaondoa lililopitwa na muda. Mifumo hiyo inajulikana sana duniani: Drupal ilitoka mwaka 2001, WordPress mwaka 2003, na Joomla mwaka 2005. Kazi ya kubadilisha mstari mmoja katika mfumo wa namna hiyo ni ya dakika chache. Lakini kama anayeijua nywila ni mtu mmoja, na mtu huyo yuko likizo, au yuko masomoni, au amehamishwa, au simu yake imezima, kazi ya dakika chache hugeuka kazi ya wiki mbili. Wazee walisema asiyekuwapo na lake halipo. Ni msiba ikiwa asiyekuwapo ameondoka na la ofisi nzima.

Wako watakaosema kwamba hili ni jambo dogo la mafundi wa kompyuta, na kwamba viongozi wana makubwa zaidi ya kushughulikia. Tunawaomba watazame yaliyoifika Hawaii, ambayo ni visiwa kama vyetu. Tarehe 13 Januari 2018, saa 2 na dakika 7 asubuhi, simu za wakaazi wa huko zilipokea onyo rasmi kwamba kombora linakuja na kwamba lile halikuwa zoezi. Onyo lilikuwa limetolewa kwa makosa. Gavana wa jimbo hilo, David Ige, alijulishwa ukweli dakika 2 baadaye. Hata hivyo kauli yake ya kuwatuliza watu katika mtandao wa Twitter, ambao siku hizi unaitwa X, ilitoka dakika 17 baada ya onyo. Baadaye mwenyewe alikiri hadharani kwamba hakuwa akilijua jina la kuingilia wala nywila ya akaunti yake. Ujumbe rasmi wa kulifuta onyo lile ulifika katika simu baada ya dakika 38, kwa kuwa ofisi iliyohusika haikuwa na ujumbe wa kukanusha uliotayarishwa mapema. Katika muda huo wazazi walikuwa wakiwaficha watoto wao na kuagana.

Ikumbukwe pia kwamba picha moja iliyopigwa mwezi Julai 2017 ndani ya ofisi hiyohiyo ya maafa ilionyesha kikaratasi chenye nywila kimebandikwa kwenye skrini ya kompyuta. Basi zilionekana pande mbili za udhaifu mmoja: nywila ya ofisi iko wazi kwa kila apitaye, na nywila ya kiongozi haijulikani hata kwa mwenyewe. Marekani ni nchi yenye kompyuta nyingi na wataalamu wengi. Kilichokosekana ni utaratibu, na utaratibu haununuliwi kwa fedha za kigeni.

Nasi tunayo mifano ya siku ambazo dakika zina thamani. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipoikaribia pwani ya Tanzania, safari za boti baina ya Dar es Salaam na Unguja zilisitishwa. Siku kama hiyo, msafiri aliye njiani kuelekea bandarini, mvuvi anayetayarisha ngalawa yake, na mwenye duka anayengoja shehena, wote wanahitaji neno moja la uhakika kutoka kwa mwenye mamlaka. Wasipolipata katika tovuti ya mamlaka, watalipata katika simu za watu, limeongezwa chumvi na kupunguzwa ukweli. Uvumi hauhitaji nywila. Uvumi huingia katika kila nyumba bila ya kubisha hodi, na ofisi inayosumbuka kuutafuta ufunguo wake haiwezi kushindana nao.

Tukubali basi kwamba kuingia katika mfumo kwa wepesi ni sehemu ya utumishi wa umma. Hatua gani zichukuliwe? Kwa maoni yetu, la kwanza ni kila mtumishi anayehusika awe na akaunti yake mwenyewe. Desturi ya watu sita kutumia akaunti moja na nywila moja, inayopitishwa kwa mdomo kutoka meza hadi meza, haina budi kukomeshwa. Mmoja akiibadilisha, watano wanabaki nje. Kosa likitokea, hajulikani aliyelifanya. Mtumishi akiacha kazi, anaondoka na ufunguo kichwani mwake. Na hapana haja yoyote ya kuishi hivyo, kwa kuwa mifumo hii ilitengenezwa kwa ajili ya mikono mingi. Katika WordPress, kwa mfano, ziko ngazi 5 za kawaida. Yuko msimamizi mkuu anayetawala mfumo mzima, mhariri anayeweza kuhariri na kutoa maandishi ya wote, mwandishi anayetoa yake tu, mchangiaji anayeandika lakini hawezi kutoa mpaka aidhinishwe, na msajiliwa ambaye kazi yake kubwa ni kusoma. Huo ni mgawanyo uleule unaojulikana katika ofisi zetu baina ya karani anayeandaa barua na mkubwa anayeitia saini. Ofisi yenye wahariri wawili au watatu, na wasimamizi wakuu wawili badala ya mmoja, haitafungiwa nje kwa sababu ya likizo ya mtu.

La pili ni kuachana na masharti ya nywila yanayomtaabisha mtumishi bila ya kumlinda. Kwa miaka mingi ofisi duniani ziliwalazimisha watu kubadilisha nywila kila baada ya miezi michache, na kuchanganya humo herufi kubwa, tarakimu na alama za ajabu. Sehemu kubwa ya masharti hayo ilitokana na mwongozo wa Marekani wa mwaka 2003. Mwaka 2017 Taasisi ya Taifa ya Viwango na Teknolojia ya nchi hiyo iliugeuza. Ilishauri mtumiaji asilazimishwe kubadilisha nywila kwa kufuata kalenda, isipokuwa pakiwa na dalili kwamba imevuja, na ikatilia mkazo urefu kuliko mchanganyiko wa alama. Bill Burr, aliyeuandika ule mwongozo wa kwanza, alisema hadharani mwaka huohuo kwamba anayajutia mengi aliyoyaandika. Sababu yake ni rahisi kufahamika. Mtu anayelazimishwa kubadilisha kila mara huongeza tarakimu moja mwishoni, au huiandika katika kikaratasi kama kile cha Hawaii. Maneno manne au matano yasiyohusiana, yaliyo marefu na mepesi kukumbukwa na mwenyewe, ni kinga bora kuliko fumbo fupi linalosahauliwa kabla ya Ijumaa. Na pale penye nywila nyingi, ofisi iweke programu ya kutunzia nywila, ambayo huzificha zote chini ya kufuli moja na kuzijaza yenyewe pahala pake. Mtumishi huingia upesi zaidi. Tena programu hiyo, ikiwekwa vizuri, haitaijaza nywila katika ukurasa bandia uliotengenezwa na walaghai, kwa kuwa huitambua anwani iliyo sahihi kuliko jicho la mtu aliyechoka.

Hapa tunasikia sauti ya wale wanaoogopa wepesi. Watatukumbusha kwamba haraka haraka haina baraka, na kwamba mlango ukiwa mwepesi kwa mwenye nyumba huwa mwepesi kwa mwizi pia. Hofu hiyo ina msingi, wala hatuidharau. Tarehe 9 Januari 2024 akaunti ya X ya Kamisheni ya Dhamana na Masoko ya Hisa ya Marekani (SEC) iliingiliwa, na waingiliaji wakatoa tangazo la uongo kuhusu idhini ya mifuko ya fedha ya Bitcoin. Bei ya Bitcoin ilipanda kisha ikaanguka katika muda mfupi. Kamisheni yenyewe ilieleza kwamba uthibitisho wa hatua mbili wa akaunti ile ulikuwa umeondolewa mwezi Julai 2023 kwa ombi la watumishi wake, kwa kuwa walipata shida ya kuingia, na haukurudishwa mpaka baada ya uovu kutendeka. Waliona kufuli linawachelewesha, wakaling'oa badala ya kulitia mafuta.

Sisi tunasoma katika kisa hicho fundisho lisilopingana na lile la Hawaii. Mlango usiofunguka kwa urahisi humsukuma mtumishi mwaminifu kutafuta njia ya mkato, na njia ya mkato ndiyo mwizi anayoingojea. Kwa hiyo anayetaka usalama hana budi kutaka wepesi pia. Usalama unaowachosha watumishi hautadumu, kwani wataukwepa siku ya kwanza watakapokuwa na haraka.

La tatu, basi, ni kuweka uthibitisho wa hatua mbili ulio mwafaka na mazingira yetu. Ofisi nyingi huchagua ule unaotuma tarakimu kwa ujumbe wa simu. Katika visiwa vyetu ziko pembe ambazo mtandao wa simu unakuja na kutoweka, na ujumbe huweza kufika baada ya tarakimu zake kwisha muda. Aidha, waingiliaji wa akaunti ile ya SEC waliihamisha namba ya simu iliyohusika hadi katika kadi yao wenyewe, na hivyo ujumbe wa simu una udhaifu wake. Iko njia bora, nayo haina gharama: programu ndogo ndani ya simu inayotoa tarakimu mpya kila baada ya sekunde 30. Programu hiyo huzitengeneza tarakimu kutokana na siri iliyopewa mara moja na kutokana na saa ya simu, na kwa hiyo haihitaji mtandao hata kidogo. Inatosha saa ya simu iwe sahihi. Pamoja na hayo mifumo mingi inayotumia njia hii hutoa tarakimu za akiba. Zichapishwe, zitiwe katika bahasha, zifungwe kwa lakiri, na ziwekwe katika sanduku la chuma la ofisi. Simu ya mtumishi ikianguka baharini, tovuti haitazama pamoja nayo.

La nne ni makabidhiano, na hapa tunasema na wakuu wa utumishi hasa. Ofisa anapohamishwa hutia saini kwamba amekabidhi gari, viti, majalada, muhuri na funguo za kabati. Ni nadra kuona katika orodha hiyo akaunti za tovuti. Tena liko shimo lililojificha zaidi. Nywila ikisahauliwa, mfumo hutuma kiungo cha kuweka mpya kwa anwani ya barua pepe iliyosajiliwa. Kama anwani hiyo ni ya binafsi ya mtu aliyekwisha ondoka, au ya fundi wa kampuni iliyoijenga tovuti miaka mingi iliyopita, basi ofisi imempa mtu wa nje ufunguo wa nyumba yake, na yenyewe imebaki kibarazani. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila ofisi iwe na daftari linaloonyesha nani ana akaunti, ya ngazi gani, tangu lini, na kwa anwani ipi ya barua pepe ya ofisi. Siku mtumishi anapoondoka, akaunti yake ifungwe siku hiyohiyo, wala isingojewe wiki ijayo. Nywila zenyewe zisiandikwe katika daftari hilo, maana daftari husomwa na wengi.

La tano ni kutayarisha kazi kabla ya kuufikia mlango. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ikazorota nchini Tanzania na katika nchi za jirani. Katika hali ya namna hiyo, mtumishi anayeingia katika mfumo kisha ndipo akaanza kufikiri atakaloandika, atatupwa nje kabla hajamaliza. Tangazo liandikwe na kusahihishwa kwanza katika kompyuta, liidhinishwe, kisha liingizwe kwa mara moja. Matangazo ya dharura, kama vile kusitishwa kwa safari, kufungwa kwa skuli, au kukanushwa kwa uvumi, yawe yamekwisha andaliwa na kubakishwa nafasi za tarehe na saa tu. Anwani ya ukurasa wa kuingilia ihifadhiwe katika kivinjari cha kompyuta ya ofisi, ili mtumishi asiitafute kila mara na kuangukia ukurasa wa kughushi. Na kompyuta inayotumiwa na wengi isiachwe ikimkumbuka mtu. Katika WordPress, kwa kawaida, aliyechagua kukumbukwa huweza kubaki ndani kwa siku 14, na katika siku hizo yeyote atakayeketi kwenye kiti chake anaweza kusema kwa kinywa cha Wizara.

Hatuoni katika haya yote jambo lolote linalohitaji mkopo, wala mshauri kutoka ng'ambo, wala semina ya siku tano hotelini. Yanahitaji asubuhi moja ya kazi na mkuu wa ofisi anayetaka yafanyike. Tunaishauri Mamlaka ya Serikali Mtandao Zanzibar ilisimamie jambo hili kwa utaratibu mmoja katika taasisi zote, ili ofisa anayehamishwa kutoka Chake Chake kwenda mjini akute desturi ileile aliyoiacha. Tunapendekeza pia zoezi jepesi la kila baada ya miezi mitatu. Mkuu wa ofisi, bila ya kutoa taarifa, aagize mstari mmoja wa tovuti usahihishwe, na atazame saa. Ikiwa umesahihishwa ndani ya dakika 15, amshukuru mtumishi wake. Ikiwa imepita siku nzima, ajue kwamba siku ya dhoruba ofisi yake itakuwa bubu, na achukue hatua kabla dhoruba haijamfika.

Kwa ndugu zetu wananchi tuna neno pia. Tusizizoee tovuti zenye habari za zamani, kana kwamba ni maumbile yake kuwa hivyo. Anayekuta tangazo la zabuni lililokwisha muda likiwa bado mbele, au namba ya simu isiyofanya kazi, aiandikie ofisi husika, au amweleze sheha wake, na ataje ukurasa na tarehe aliyoukuta. Kulalamika barazani kunaondoa joto la kifua, lakini hakusahihishi mstari hata mmoja. Na mtumishi anayepokea taarifa ya namna hiyo asiione kuwa ni kejeli, kwani mwananchi huyo amemfanyia kazi ambayo ilikuwa ya ofisi.

Mwisho tunapenda kuwakumbusha watendaji kwamba nywila ya tovuti ya Serikali si siri ya mtu binafsi, wala si heshima ya cheo, wala si silaha ya kumfanya mtumishi asiweze kuhamishwa. Ni ufunguo wa mali ya umma. Uwe mikononi mwa wale wanaostahiki, ujulikane uko kwa nani, na uweze kufungua mlango katika dakika ile ambayo mkaazi wa Mkoani, wa Wete, wa Nungwi au wa Makunduchi amekwisha shika simu yake akingoja kuambiwa kama boti inaondoka au haiondoki.